TAHADHARI Dodoma: "Vinyanyua siti vya Kijapani" vinavyofungwa maegeshoni ni vipande vya bomba la maji

Mbukwenyi wana Dodoma, pamoja na madereva wote mnaopita hapa kwenda Singida, Iringa au Dar.

Kuna jamaa anazunguka mjini anauza kitu anachokiita "kinyanyua siti cha Kijapani". Anakufungia hapo hapo ulipoegesha, nusu saa haiishi unatoa hela unaondoka. Kazi yake, kwa maelezo yake, ni kuinua siti ya dereva upande wa mbele ili ikae kwa mlalo kidogo na mapaja yapate pa kupumzikia. Anachofunga hasa ni vipande vya bomba la maji na bolti za duka la vifaa vya ujenzi. Msinunue. Kama mlishafungiwa, msisafiri na gari hilo kabla hamjasoma hadi chini.

Mimi ni fundi wa magari, nipo upande wa Kizota. Gari la kwanza lilipokuja na vitu hivi nilidhani ni fundi fulani kaamua kubuni mambo yake. Yalipoendelea kuja, IST, Passo, Vitz, yote na vipande vile vile na rangi ile ile nyeusi ya kupuliza, nikajua ni biashara ya mtu.

La karibuni ni la mama mmoja mtumishi anayeenda mji wa serikali, Mtumba, kila siku. Kaja analalamika, "Fundi, siti yangu inagonga kila nikikanyaga breki. Halafu juzi imeteleza mbele yenyewe." Nikamwomba ashuke. Nikashika egemeo la siti nikalitikisa, ikaitikia ka-ka-ka kwenye reli. Nikamuuliza, "Mama, nani alikugusia hii siti?" Akasema kijana mmoja msafi tu, ana begi la spana, alimkuta maegeshoni akamwambia, "Mama, unakaa vibaya, huo mgongo utakusumbua uzeeni." Na kweli mgongo ulikuwa unamsumbua. Jamaa anajua pa kugusa.

Nimeifungua siti mbele yake. Chini ya miguu miwili ya mbele kulikuwa na vipande viwili vya bomba la nusu inchi vilivyokatwa kwa grenda. Kimoja bado kilikuwa na nyuzi za fundi bomba, zile za kuungia kona. Rangi haikukauka vizuri, manyoya ya zulia yamegandia humo. Nikavipima: kimoja milimita 18, kingine 21. Tofauti ya milimita 3 inaonekana ndogo, lakini siti ya gari haipendi hilo hata kidogo. Reli mbili zinatakiwa zilale sambamba. Upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine, fremu inapinda, na kufuli ya reli ya upande mmoja haiingii kwenye tundu lake. Ndiyo maana siti ya yule mama ilikuwa inateleza. Fikiria ungekuwa wewe unashuka na lori mbele yako, ukakanyaga breki ya ghafla, siti ikakusukuma kifua kwenye usukani.

Sasa tuje kwenye bolti. Kwenye magari mengi ya Japani bolti yenye mwili wa milimita 10 ina hatua ya uzi, yaani umbali kutoka uzi mmoja hadi unaofuata, ya milimita 1.25. Ile inayouzwa kwa kilo madukani kwetu ni 1.5. Kwa macho zinafanana. Ukiilazimisha ya 1.5 inaingia mizunguko miwili mitatu, halafu inaanza kula nyuzi za nati iliyochomelewa chini ya sakafu ya gari. Hapo umeharibu kitu ambacho hakibadilishwi kwa spana. Ya yule mama moja ilikuwa imeshaliwa hivyo, ikabidi tuchane zulia na kuchomelea nati mpya. Gharama ya hiyo imezidi hela aliyompa jamaa.

Halafu kuna suala la ugumu wa chuma. Bolti nzuri ina namba kichwani. Ukiona 8.8, namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu yake ya kukatika, megapaskali 800. Ile laini ya 4.6 ni 400, yaani nusu. Za kiwandani kwenye Toyota mara nyingi zina namba moja tu, kama 7 au 8. Za jamaa hazina namba yoyote, kichwa kitupu. Na anaziweka ndani ya bomba ambalo tundu lake ni kama milimita 16, kwa hiyo bolti ya 10 inaelea humo ndani, haishikwi na chochote pembeni. Tena kwa kuwa kainua mbele tu bila kuweka kabari nyuma, miguu ya nyuma ya siti haikai bapa tena sakafuni. Inakanyaga kwa ukingo, na bolti za nyuma zinavutwa kwa pembeni kila gari linaporuka tuta.

Kuna atakayesema, "Fundi unatisha watu, siti si inabeba mtu amekaa tu?" Hapana. Kwenye magari mengi ile soketi ya kuchomekea mkanda imefungwa kwenye siti yenyewe. Gari likigonga kitu kigumu kwa kilomita 50 kwa saa, spidi ile ile inayoruhusiwa unapopita Kibaigwa au Gairo, mwili wa kilo 70 unavuta mkanda kwa nguvu inayofika tani moja au zaidi. Sehemu ya nguvu hiyo inapita kwenye soketi, inashuka kwenye reli, inaishia kwenye bolti nne. Hapo ndipo vile vipande vya bomba vinapotakiwa kufanya kazi.

Jamaa ana bidhaa ya pili, na hii ndiyo inayonikera zaidi. Kwa watu warefu anainua mbele. Kwa wafupi wanaotaka kuona boneti anainua nyuma! Siti ikiinuka nyuma inakuwa na mteremko kuelekea kwenye pedali. Gari likigonga, nyonga inateleza chini ya mkanda, na mkanda unapanda kutoka kwenye mfupa wa nyonga unakaa tumboni. Tumbo halina mfupa wa kuuzuia. Watengenezaji wa magari huinua siti mbele makusudi ili kuzuia mtelezo huo, na yeye anakuuzia kinyume chake kwa jina la starehe.

Lingine ni taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Chini ya siti kuna plagi, na zenye rangi ya njano ni za mfumo wa eabegi au wa kukaza mkanda. Fundi anayejua anazima gari, anatoa waya wa betri, anasubiri dakika kadhaa ndipo anagusa njano. Huyu anachomoa tu kwa haraka zake, taa inawaka kwenye dashibodi na haizimiki. Mteja akilalamika anaambiwa "itazima yenyewe ukitembea". Gari moja nililoletewa, taa ilikuwa haiwaki kabisa. Nikafurahi kidogo, kisha nikafungua dashibodi nikakuta kijibalbu chake kimeng'olewa.

Namna ya kujikagua, haihitaji fundi:

Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya eabegi lazima iwake sekunde chache halafu izime. Ikibaki inawaka kuna tatizo, na isipowaka kabisa kuna tatizo kubwa zaidi.

Sogeza siti nyuma hadi mwisho, piga tochi kwenye miguu ya mbele. Miguu ya siti inatakiwa kukaa moja kwa moja kwenye chuma cha gari. Ukiona kitu cha duara katikati, ndicho hicho. Kisha jaribu spana: magari ya Kijapani bolti ya milimita 10 kwa kawaida inashika spana 14, na ya milimita 8 inashika 12. Ikishika 17 au 13, hiyo imetoka dukani.

Kaa, shika usukani, jisukume kwa miguu mbele na nyuma kwa nguvu. Siti isiyo na shida haisemi neno.

Ukikuta unayo, usijaribu kukaza. Nenda gereji unayoiamini, vitolewe, na uulize hali ya nati za chini kabla hujarudishiwa bolti. Bolti zako za asili mdai jamaa, ingawa wengi wanasema kawaambia "nimetupa, zilikuwa zimechoka". Hazikuchoka. Bolti za siti kutoka gari la mtumba la aina yako zinapatikana kwa wauza spea, na si ghali.

Najua kwa nini watu wanamkubali. Hizi gari ndogo siti zake ni fupi na bapa, mtu mrefu anaendesha kilomita 450 hadi Dar mapaja yakiwa hewani, akifika hawezi kusimama wima. Shida ni ya kweli. Lakini hesabu yenyewe hebu itazame: kutoka mguu wa mbele wa siti hadi wa nyuma ni kama sentimita 40. Ukiinua mbele milimita 20 umepata mlalo usiofika hata digrii 3. Na digrii hizo hizo zinalaza egemeo pia, kwa hiyo utarudi kulinyanyua.

Kabla ya kutoa hela kwa mtu yeyote, malizia kwanza marekebisho ambayo gari linayo. Siti nyingi za dereva zina mpini wa pembeni wa kupandisha, watu wana gari mwaka mzima hawajaugusa. Ukikanyaga breki hadi chini goti libaki limekunjika kidogo. Mabega yakiwa yamegusa siti, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani. Kifua kisipungue sentimita 25 kutoka kwenye usukani kwa ajili ya eabegi. Watu wengi ukiwapanga hivyo maumivu yanapungua bila spana yoyote.

Bado mapaja yanaelea? Nenda kwa fundi wa kushona siti, mwambie afungue kitambaa cha sehemu ya kukalia aongeze sponji ngumu mbele, iliyokatwa kwa mteremko. Hiyo haigusi bolti, haigusi reli, na usipoipenda inatolewa. Akitaka kugusa egemeo la mgongo kwenye gari lenye eabegi ya ubavuni, mkatalie. Wapo wanaochonga kabari za chuma kizima kwa kipimo, mbele na nyuma, na bolti ndefu zenye namba na hatua sahihi. Inawezekana kiufundi, ila kwa gari la familia mimi siifanyi, na ninayemheshimu kwenye kazi hii sijamwona akiifanya kwenye maegesho.

Kuhusu bei: anaanza laki mbili, ukisita anashuka hadi laki na ishirini "kwa kuwa wewe ni mtu wangu". Vipande viwili vya bomba na bolti mbili havifiki elfu kumi. Hatoi risiti ya EFD, anataka utume kwenye namba ya simu ambayo jina linalotokea si alilojitambulisha nalo, na kila aliyetapeliwa alipewa namba tofauti. Anapenda maegesho ya karibu na masoko, na asubuhi upande wa Nanenane wanapojiandaa wa safari ndefu. Ana kijiboksi chenye maandishi ya Kijapani. Omba ukishike: kile nilicholetewa kilikuwa cha plagi za injini.

Jina na namba siweki hapa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 mnaijua, na mimi nina gereji ya kulinda. Waliotapeliwa wenye ujumbe wa muamala waende polisi wachukue RB, ile namba ya taarifa iliyoandikishwa, na Tume ya Ushindani, FCC, nayo inapokea malalamiko ya mlaji aliyeuziwa kitu kwa maelezo ya uongo. Vipande msitupe, vifungeni kwenye mfuko pamoja na bolti, ndiyo ushahidi. Kama huna uhakika na kilicho chini ya siti yako, piga picha mguu wa mbele kwa tochi, weka hapa chini na aina ya gari, nitakujibu jioni nikishafunga gereji.