Juisi ya komamanga ya POM Wonderful: unalipia ganda

Funda la kwanza tamu, la pili linakaza ulimi kama bibo. Asiyependa ukakasi huo ataiweka chupa chini, kumbe ukakasi ndio mali yenyewe. Ni kemikali ya mimea iitwayo tanini, hasa aina ya punikalajini, ambayo makao yake makuu si kwenye punje bali kwenye ganda na utando. Kiwandani California tunda hukamuliwa zima, ganda nalo likatoa chake. Ukikamua punje peke yake nyumbani utapata juisi laini, nyekundu ya kupendeza, ila tanini ni kidogo. (Wanaochemsha ganda la komamanga kutuliza tumbo la kuhara wanaujua ukali wake.)

Tanini hiyo hainyonywi jinsi ilivyo. Huvunjika kuwa asidi ya elajiki, kisha bakteria wa utumbo mpana huigeuza kuwa kemikali ndogo ziitwazo urolithini, na hizo ndizo zinazoingia kwenye damu. Bakteria hao si kila mtu anao. Wawili wakinywa glasi ileile, mmoja anavuna urolithini, mwenzake anaambulia sukari.

Kwa presha, majaribio kadhaa madogo yameonyesha kushuka kidogo tu, kwa hiyo vidonge viendelee. Kampuni ilipojitangaza kwamba juisi inatibu au kuzuia maradhi ya moyo, saratani ya tezi dume na upungufu wa nguvu za kiume, FTC, tume ya Marekani inayosimamia biashara, iliishtaki mwaka 2010. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba matangazo yale yalipotosha.

Glasi ya mililita 240 ina sukari takriban gramu 32, sawa na vijiko 8 vya chai, ingawa hakuna iliyoongezwa. Nusu glasi inatosha: mililita 120, maji baridi kiasi hichohicho, pamoja na chakula. Mwenye figo dhaifu aiepuke kwa sababu ya potasiamu, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza. Kwa ladha nyota 4, kwa tiba 2.

Ukikuta ya bei rahisi kando yake, geuza chupa usome viambato. Kilicho kingi huandikwa kwanza. Minute Maid, chapa ya Coca-Cola, iliwahi kuuza mchanganyiko wenye jina la komamanga na bluberi uliokuwa na komamanga asilimia 0.3, karibu yote ilikuwa tufaha na zabibu. POM waliipeleka Coca-Cola mahakamani kwa hilo, na mwaka 2016 wakashindwa!

Ya nyumbani: makomamanga 4 makubwa hutoa glasi 2 hivi. Pukuchulia punje ndani ya bakuli la maji. Punje huzama, utando huelea. Washa blenda sekunde 5, mara 2 au 3 tu. Ukizidisha, mbegu husagika na juisi huwa nzito na chungu. Chuja kwa kitambaa, usiichemshe, maana wekundu huhama kuelekea kahawia. Friji siku 2. Ikianza povu na harufu ya siki, mwaga.