Huduma za kulipa mkopo wa nyumba mapema: ipi inakufaa maisha yakipanda

Karibu kila mkopeshaji wa nyumba ana njia ya kumwezesha mteja kumaliza deni kabla ya muda, na kwenye vipeperushi zote zinafanana: lipa zaidi, maliza haraka, okoa riba. Utofauti wake unajitokeza siku bei ya chakula, nauli na umeme inapopanda, na ile ziada uliyokuwa unaipeleka benki ikaanza kutakiwa nyumbani. Kwa hiyo hapa tumezipima kwa mambo mawili: inaokoa riba kiasi gani, na inakuachia nini mkononi mambo yakibana.

Hesabu zote zinatumia mkopo mmoja wa mfano: 1,000,000 kwa sarafu yoyote, riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayotozwa kila mwezi juu ya salio, muda wa miaka 20. Rejesho lake ni 11,011 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, 10,000 nzima ni riba, na 1,011 tu ndiyo inayopunguza deni. Ukilipa miaka 10 bila kuruka hata mwezi mmoja, bado unadaiwa 767,000 hivi. Nusu ya muda imekwisha na hata robo ya deni haijaondoka. Kila tunachosema hapa chini kinatokana na umbo hilo la mkopo.

Kabla ya huduma yoyote, fungua mkataba uone riba inakokotolewa vipi. Kama ilishapigwa juu ya kiasi chote cha awali na kujumlishwa kwenye deni tangu siku ya kwanza, malipo ya ziada hayaokoi kitu mpaka mkataba wenyewe uwe na kipengele cha kurudisha riba ambayo muda wake haujafika. Pengine urejeshaji huo unafuata kanuni inayohesabu sehemu kubwa ya riba kuwa ni ya miezi ya mwanzo, hivyo anayemaliza mapema anarudishiwa kidogo mno. Kwa mkopo wa namna hiyo, ziada yako ina kazi nzuri zaidi mahali pengine. Yanayofuata ni ya mikopo ambayo riba yake inashuka pamoja na salio.

Kuongeza kidogo kila mwezi

Hii ndiyo huduma ya kawaida na mara nyingi haina ada. Ukiongeza 1,000 kila mwezi tangu mwanzo, mkopo wetu unaisha kwa miezi 180 badala ya 240, na riba inapungua kwa takriban 485,000. Ziada yote uliyotoa kwa kipindi hicho ni 180,000.

Tatizo lake liko kwenye uandikaji wa malipo. Mifumo mingi, ikipokea pesa iliyozidi rejesho bila maelekezo, inaiweka kama malipo ya mwezi ujao. Utalijua hilo kwenye taarifa ya mkopo. Ukilipa 12,011 mwezi wa kwanza, salio la msingi (deni lenyewe bila riba) linatakiwa lisome 997,989, na riba ya mwezi wa pili iwe 9,980. Ukikuta salio ni 998,989, riba 9,990, na rejesho linalofuata limeandikwa 10,011, basi elfu yako imekaa pembeni inasubiri mwezi ujao na haijagusa deni. Tofauti ya 10 kwa mwezi inaonekana ndogo, lakini hiyo ndiyo ziada isiyofanya kazi, ikijirudia mwezi hadi mwezi.

Dawa yake ni kupeleka maelekezo ya maandishi mara moja, yakisema kila kiasi kinachozidi rejesho kipunguze salio la msingi siku kilipopokelewa, kisha uombe uthibitisho wa maandishi. Ikiwezekana, tenganisha malipo: agizo la kudumu (maelekezo ya benki kulipa kila mwezi yenyewe) la rejesho lenyewe, na agizo jingine la ziada lenye maelezo yake. Kutenganisha kunakusaidia pia ukitaka kusimamisha ziada mwezi mgumu, kwa kuwa unafuta agizo moja bila kugusa lile la lazima. Halafu kama riba inahesabiwa kila siku, panga ziada itoke siku ya mshahara. Ikisubiri tarehe ya rejesho inakuwa haijafanya kazi kwa siku zote hizo, na ikisubiri mwisho wa mwezi pengine haitafika kabisa.

Kulipa mkupuo

Hapa ndipo pesa nyingi inapookolewa, na ndipo watu wengi wanapochagua fomu isiyo sahihi.

Chukua mkupuo wa 50,000 uliolipwa mwisho wa mwaka wa kwanza, rejesho likibaki 11,011. Mkopo unafupika kwa karibu miezi 37, na riba iliyookolewa inafika 352,000 hivi. Kiasi hicho hicho kikilipwa mwisho wa mwaka wa 10 kinafupisha miezi 14 na kuokoa kama 104,000. Uamuzi wa kusubiri "mpaka mambo yatulie" una bei yake, na bei hiyo ni kubwa zaidi miaka ya mwanzo.

Baada ya mkupuo utaulizwa unataka kufupisha muda au kupunguza rejesho. Afisa mikopo atakuambia kufupisha muda kunaokoa zaidi, na kwa hesabu tupu ni kweli: ukiacha muda ulivyo, rejesho linashuka hadi 10,453, na ukilipa hilo tu mpaka mwisho unaokoa 77,000 badala ya 352,000. Kwa hiyo wengi wanasaini kufupisha.

Sisi tunashauri kinyume chake pale gharama za maisha zinapopanda. Chagua kupunguza rejesho, kisha endelea kulipa 11,011 kama zamani, ile 558 ya juu ikiingia kama ziada kwenye salio la msingi. Ilimradi ziada haina ada na inaandikwa siku hiyo hiyo, mkopo utaisha mwezi ule ule ambao ungeisha kama ungefupisha muda, na riba itakuwa ile ile. Tofauti ni kwamba kiwango cha lazima kimeshuka. Mwezi ukibana unalipa 10,453, hudaiwi, huandikwi kuwa umechelewa, wala huhitaji kumwomba mtu. Aliyefupisha muda hana mlango huo: kwake 11,011 ni lazima, na kurefusha tena kunahitaji maombi mapya, mara nyingi wakati kipato kimeshapungua na maombi yanakataliwa kirahisi.

Uliza mambo matatu kabla ya kusaini: ada ya kupangiwa rejesho upya ni kiasi gani, kiwango cha chini cha mkupuo ni kipi, na unaruhusiwa mara ngapi kwa mwaka. Wapo wanaopanga upya bure, wapo wanaotoza, na wapo ambao huduma hiyo hawana kabisa.

Ada ya kulipa kabla ya muda

Ada hii hupatikana zaidi kwenye mikopo yenye riba isiyobadilika kwa kipindi fulani. Watu huiogopa kupita kiasi au huisahau kabisa, wakati hesabu yake ni ya dakika moja. Gawanya asilimia ya ada kwa asilimia ya riba ya mwezi. Ada ya asilimia 3 kwa mkopo wa asilimia 1 kwa mwezi ni sawa na riba ya miezi mitatu. Kipindi cha ada kikibakiza miezi miwili, subiri. Kikibakiza miaka miwili, lipa, ada na iende. Angalia pia kama kuna kiasi unachoruhusiwa kulipa kila mwaka bila ada, na mwaka huo unahesabiwa kuanzia lini: Januari au tarehe ya mkataba. Mtu anaweza kugawa mkupuo mmoja kwenye miaka miwili kwa kupishanisha wiki chache tu, asitozwe chochote.

Akaunti iliyounganishwa na mkopo

Huduma hii haipatikani kila mahali, ila ilipo inastahili kuangaliwa kabla ya nyingine. Akiba yako inakaa kwenye akaunti ya kawaida inayotambuliwa na mkopo, na riba inatozwa juu ya deni ukitoa kilichomo. Ukiwa na 30,000 humo, kwa riba ya asilimia 12, unaepuka riba ya karibu 300 kwa mwezi, na pesa bado ni yako. Ada ya shule ikifika unaichomoa. Kwa mtu mwenye matumizi yasiyotabirika hakuna kinachoishinda.

Kasoro yake ni bei. Mara nyingi mkopo wa aina hii una riba ya juu kidogo. Tuseme ni asilimia 12.4 badala ya 12: kwa deni la 1,000,000 hiyo ni 4,000 zaidi kwa mwaka, na ili kuifidia lazima akaunti iwe na wastani wa 32,000 hivi mwaka mzima. Wastani, si salio la siku ya mshahara. Kama akaunti yako hujaa tarehe 1 na kukauka tarehe 20, huduma hii inaweza kukugharimu kuliko inavyokuokolea.

Usiichanganye na huduma ya kutoa tena ziada uliyokwisha kulipa. Zinauzwa kwa maneno yanayokaribiana, lakini huku pesa imeshaingia kwenye mkopo, na mkopeshaji anaweza kuweka kiwango cha chini cha kutoa, ada, au kufunga mlango kabisa. Soma kipengele hicho kana kwamba pesa hiyo hutaweza kuitoa tena.

Nusu rejesho kila wiki mbili

Mwaka una wiki 52, kwa hiyo nusu rejesho kila wiki mbili ni nusu 26, yaani marejesho 13 kamili. Faida karibu yote inatoka kwenye hilo rejesho la 13. Kampuni zinazosimama kati yako na benki, zikitoza ada ya kujiunga na ada ya kila muamala zinakuuzia kitu unachoweza kukifanya bure: gawanya rejesho kwa 12, upate 918, uongeze kila mwezi. Mkopo wetu unapungua kwa karibu miezi 57. Baya zaidi, baadhi hushikilia nusu ya kwanza mpaka ya pili ifike, ndipo wapeleke benki. Hatuipendekezi.

Kuhamishia deni kwa mkopeshaji mwingine

Riba ikishuka kwa asilimia 1 si faida mpaka ifidie gharama za uthamini wa nyumba, mwanasheria na usajili wa rehani. Kwa deni la 767,000 hivi lililobakiza miaka 10, kutoka asilimia 12 hadi 11 kunapunguza rejesho kwa kama 439. Gharama za kuhama zikiwa 25,000, unazirudisha baada ya miezi 57. Mtego upo kwenye muda mpya: ukirudishwa kwenye miaka 20, rejesho linashuka hadi 7,922 na unahisi umepumua, lakini jumla utakayolipa inazidi ya zamani kwa karibu 580,000. Omba muda uwe ule ule uliobaki, na waandike hivyo kwenye barua ya ofa.

Riba inayopanda

Mwenye riba inayobadilika ana jambo la haraka kuliko yote haya. Wapo wakopeshaji ambao, riba ikipanda, wanaacha rejesho lilivyo na kurefusha muda. Inaonekana ni huruma. Lakini deni la 987,180 (salio letu baada ya mwaka mmoja) kwa asilimia 14 linazaa riba ya 11,517 kwa mwezi, na rejesho ni 11,011. Hapo deni linakua kila mwezi huku unalipa kwa uaminifu. Mpaka wake kwa mkopo huu ni asilimia 13.4 hivi. Kwako, zidisha rejesho kwa 12 ugawe kwa salio. Riba ikikaribia jibu hilo, ziada yote ielekezwe kwenye salio la msingi, au omba rejesho lipandishwe.

Kwa riba isiyobadilika iliyo chini ya mfumuko wa bei, haraka haina maana sana, hasa kama mshahara nao unapanda: rejesho linabaki lile lile huku thamani yake ikipungua. Ziada ipelekwe kwanza kwenye kadi za mkopo na mikopo ya simu, ambayo riba yake huwa ya juu zaidi, kisha kwenye akiba ya dharura ya matumizi ya miezi mitatu hadi sita. Pesa iliyokwisha kuingia kwenye tofali hainunui unga.

Siku ya kumaliza

Usilipe kwa kufuata salio la kwenye programu ya simu. Omba taarifa ya kufunga mkopo yenye tarehe ya mwisho ya kutumika na riba ya kila siku. Kwa salio la 200,000 na asilimia 12, kila siku ni 65.75, na malipo yakichelewa siku tatu unabaki na deni la 197 ambalo linaweza kuzalisha faini bila wewe kujua. Futa agizo la kudumu baada ya kupata barua ya kumaliza deni, si kabla. Kisha fuatilia kufutwa kwa rehani kwenye msajili wa ardhi na hati kurudishwa, na ulizia kama bima ya mkopo iliyolipwa kwa mkupuo ina sehemu ya kurejeshwa; mara nyingi lazima uiombe mwenyewe. Bima ya nyumba nayo ibadilishwe, jina la mkopeshaji litolewe kama mnufaika, la sivyo fidia ya ajali itaandikiwa asiyekudai.