Kipima mvua cha plastiki cha duka la pembejeo: kwa mtu wa Moshi anayefuatilia vimbunga, nunua

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi mtasoma mistari miwili mnaondoka: kinunue. Ni kile kipima mvua cha plastiki, bomba la uwazi pana juu jembamba chini, namba ubavuni. Mimi changu nimechukua duka moja la pembejeo karibu na soko la Kiusa hapa Moshi, bei haikufika elfu ishirini na bado nilipunguziwa baada ya kubishana kidogo. Hakina jina la kampuni la kueleweka, boksi lina maandishi ya Kichina na picha ya mama wa Kizungu kashika maua. Muuzaji mwenyewe alidhani ni cha kupimia dawa ya nyanya, akaniambia "mangi, hiki ukijaza mara mbili ni pampu moja", nikamwacha hivohivo, nikalipa nikaondoka.

Sasa mtu wa Moshi, yuko zaidi ya kilomita 200 kutoka baharini, anahangaika nini na vimbunga? Sababu ni grupu letu la ukoo. Mei 2024 kile kimbunga Hidaya kilivyokuwa kinasogea, grupu liligeuka kituo cha hali ya hewa, kila mtu ana ramani yake yenye rangi nyekundu, sauti zinatumwa kutoka kusikojulikana eti kinapanda kuja mpaka mlimani, mashangazi wanaombea. Kilichotokea ni kwamba kiliingia nchi kavu pale Mafia tarehe 4 Mei kikiwa kinaishiwa nguvu, walioumia ni Mafia yenyewe na Lindi na Mtwara, barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika pale Somanga, boti za Zanzibar zilisimamishwa. Huku kwetu ubishi ulikuwa wa mvua tu. Wa Kibosho anasema imenyesha ya kufa mtu, wa Mabogini anasema manyunyu, wa Himo anasema hata vumbi halijalala, na hakuna mwenye namba hata moja. Ndo nikasema masika mengine lazima namba ziwepo.

Nikanunua viwili, kimoja cha shamba la chini Mabogini na kingine nikampelekea baba mdogo kihambani, shamba la nyumbani kule juu mlimani Kibosho. Zamani mazungumzo yetu yalikuwa hivi, mimi "shikamoo ba'mdogo, mvua ya jana ilikuwaje huko", yeye "marahaba mwanangu, kubwa, ya kuzibua mtaro". Mtaro gani, umezibuka kiasi gani, hujui. Sikuhizi namba zinakuja kabla hata ya salamu, "38", basi, na siku nikichelewa kutuma ya kwangu ananipigia kuniuliza kama nimelala.

Tuje kwenye ubora. Plastiki yake ni ngumu, siyo hii ya chupa za maji, kinapima mpaka milimita 150, upande wa pili kuna inchi ambazo huku hakuna mwenye shida nazo. Kwa vile chini ni kwembamba hata mvua ya milimita mbili unaisoma bila kukunja macho, hapo nakipa maksi zote. Kibaya ni namba zenyewe. Jua la Januari na Februari limezila, ule upande unaotazama magharibi ulibaki mweupe kabisa, imebidi nizichore upya kwa maka peni kabla hazijapotea zote. Kishikizo cha kufungia nguzoni nacho ni utani, vile viskrubu vilivyokuja nacho sijui walitegemea vishike nini, nimefunga na bainding waya na ndo mpaka leo. Alafu wadudu, kila asubuhi kuna kitu kimezama humo ndani, unasuuza.

Kukifunga kuna kanuni zake na boksi halisemi. Kikae wima, mdomo ulale sawa, uzidi ncha ya nguzo ili matone yanayodunda kwenye mti yasiingie, na kiwe mbali na kitu chochote kirefu angalau mara mbili ya urefu wa hicho kitu. Tambarare huko rahisi, kihambani ndo kasheshe, kila ukigeuka ni mgomba, kahawa, mparachichi, baba mdogo akaishia kukiweka pale anapoanikia kahawa, ndo uwazi pekee aliokuwa nao. Kusoma ni saa tatu asubuhi, muda uleule ambao vituo vya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, vinasoma mvua ya saa 24, kwa hiyo namba yako unaweza kuiweka pembeni ya yao na mkaelewana. Mkisoma mmoja saa moja mwingine saa tano mtabishana kuliko mwanzo.

Na milimita siyo kitu cha kitaalamu cha kuogopa, milimita moja ni lita moja kwenye kila mita ya mraba. Milimita 10 kwenye eka moja ni kama lita elfu arobaini. Ukishajua hilo unaacha kusema mvua nzuri mvua mbaya, unajua mahindi yamekunywa kiasi gani.

Lakini raha yenyewe ya kuwa na viwili ni mlima. Upande wa kusini wa Kilimanjaro, kule kwenye mkanda wa msitu juu, mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, mji wa Moshi haufiki hata nusu ya hapo, na ukishuka chini zaidi ni pungufu tena. Kibosho na Mabogini unaenda kwa daladala tu lakini kuna asubuhi baba mdogo anatuma 60 na changu kina umande. Na hiyo 60 haibaki kwake, mito inashuka nayo, Rau, Karanga, Weruweru, sisi wa chini tunafikiwa na maji ambayo hatukuyaona yakinyesha. Kwa hiyo namba ya juu ndo tahadhari yangu ya kwanza, nikiiona kubwa siku hiyo sipiti vivuko vya chini na pikipiki hata jua liwe linawaka, na jirani zangu nawaambia watoe mbuzi bondeni. Arusha Aprili 2024 tuliona maji yalivyosomba gari la shule lenye watoto, sihitaji kuambiwa mara mbili.

Simu haiwezi kukupa hii. Natumia Windy, app ya hali ya hewa, ile ya bure, naipenda na sijaona sababu ya kulipia, unapata modeli, yaani hesabu za kompyuta za kutabiri hali ya hewa, ya Ulaya ya ECMWF na ya Marekani ya GFS unazilinganisha, unapata picha za setilaiti, unapata mkusanyiko wa mvua wa siku zijazo. Ila elewa modeli inavyofanya kazi. Hiyo ya ECMWF inaigawa dunia kwa miraba ya kama kilomita 9, sasa kwa mlima kama wetu unaobadilika kila kona, Kibosho yote na nusu ya mji inaweza kuwa kwenye mraba mmoja au miwili, ikupe namba moja ya wastani. Kwa bahari ni nzuri sana, kwa kihamba cha baba mdogo ni makadirio. Basi navitumia vyote, simu inaniambia nini kinakuja na kipima kinaniambia nini kimefika.

Kwenye vimbunga hapo ndo pametamu. Msimu rasmi wa kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi ni Novemba 15 mpaka Aprili 30, lakini angalia vile vilivyotusogelea: kile cha Lindi cha 1952 kilipiga Aprili 15, Kenneth Aprili 25, 2019 tukidhani kinakuja Mtwara kikaingia Cabo Delgado, Jobo mwishoni mwa Aprili 2021 kikafia karibu na pwani yetu, Hidaya Mei, na wiki chache baadaye mwezi uleule Ialy kikapanda kuelekea upande wa Kenya na Somalia. Vyote vya mwisho mwisho, na vyote katikati ya masika yetu. Upepo wake Moshi haufiki, tuko nyuzi tatu na kidogo tu kusini mwa ikweta, kimbunga kinahitaji ile nguvu ya mzunguko wa dunia ambayo huku karibu na ikweta ni ndogo mno, na kikigusa nchi kavu kinakosa maji ya moto ya kukilisha. Kwa hiyo shangazi lala usingizi, bati haling'oki kwa kimbunga.

Mvua ndo kinazichezea. Kikikaa mashariki ya Madagaska mara nyingi upepo wa magharibi unapata njia, unaleta unyevu kutoka upande wa Kongo, na huku kunanyesha. Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilikuwa upande ule na masika ya mwaka ule Afrika Mashariki yalikuwa na mvua kupita kawaida. Kikiingia mlango wa Msumbiji, ile bahari kati ya Madagaska na bara, mara nyingi ni kinyume, kinavuta unyevu wote kama mtu anayevuta shuka usiku, wewe wa pembeni unabaki na baridi yako, ndo maana Idai kilivyopiga Beira Machi 2019 masika yalichelewa sehemu nyingi za ukanda wetu na waliopanda mapema waliumia. Siyo kanuni ya kila mara, ila mimi sahivi nikiona duara limeanza kuzunguka baharini mwezi wa tatu kitu cha kwanza naangalia limekaa upande gani wa Madagaska, ndo naamua mbegu zitoke stoo au zisubiri, na kipima kinanithibitishia kama ardhi imeshapata maji ya kutosha kweli au ni mvua ya kudanganya.

Kwenye maneno ya hatari hata hivyo mimi na Windy yangu tunakaa pembeni. Kituo kinachosimamia bahari yote hii ni cha Météo-France, mamlaka ya hali ya hewa ya Ufaransa, pale kisiwa cha Réunion, na kwa nchi yetu mwenye kauli ni TMA, wana ngazi zao, angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, na sisi tafuta palipoandikwa nyanda za juu kaskazini mashariki, hapo ndo Arusha, Manyara na Kilimanjaro. Sauti ya "nimetumiwa na mtu wa ndani kabisa" tumekubaliana grupuni anayeileta anatozwa soda.

Binamu yangu Njiro Arusha alicheka cha kwangu, yeye akaagiza cha kidijitali, kina kikombe kidogo ndani kinachobinuka kila kikijaa na kutuma namba kwenye simu. Sikatai kizuri, usiku wa mvua anasoma akiwa kitandani. Ila betri, ila buibui wakijenga humo ndani kinasoma sifuri nje kunamwagika, na mvua ikiwa kali sana vile vikombe huwa vinapunja kwa sababu maji yanapita wakati kinabinuka. Na bei yake unanunua vya kwangu unagawia ukoo mzima. Cha kwangu kinataka mtu wa kuamka tu.

Kama unakitafuta, zunguka kwenye maduka ya pembejeo kabla masika hayajashika, yakishaanza vinaadimika. Usichukue chenye namba za stika, ipitishe ukucha, ikinyanyuka rudisha. Chukua chenye namba zilizochongwa kwenye plastiki yenyewe hata kama kimezidi elfu mbili tatu, mimi nimeviona baadaye kwenye duka la jirani palepale Kiusa, na cha tatu nitakachompelekea dada yangu Himo kitakuwa cha aina hiyo. Kama duka lako wanacho kinachofika milimita 50 tu, kiache, mvua moja ya Aprili ya Kibosho inakijaza kinamwagika na asubuhi hujui ilikuwa ngapi.