Kizuizi cha Jukwaani au Mkanda wa Mwilini?
Kwenye maghorofa yanayojengwa Dar es Salaam, ambako majukwaa ya mirunda bado yapo, fundi hukingwa asianguke ama kwa kizuizi cha pembeni ama kwa mkanda wa usalama unaozunguka mabega na mapaja. Kizuizi cha kimo cha takriban mita 1, pamoja na ubao wa chini unaozuia nyundo na matofali kuwaangukia walio chini, humlinda kila anayepita, hata saidia fundi aliyeanza kazi leo asubuhi, bila kumtaka akumbuke lolote. Mkanda, kwa kawaida, humdaka mtu akiwa ameshaanguka. Kamba ya mita 1.8 inayounganisha mkanda na ndoano iliyoshikizwa juu, ukijumlisha kifyonza mshtuko (utepe uliokunjwa unaofunguka ili kupunguza kishindo), urefu wa mwili wenyewe na nafasi ya ziada ya usalama, huhitaji nafasi tupu ya karibu mita 6 chini ya ndoano. Kwa hiyo kwenye ghorofa ya kwanza fundi anaweza kufika ardhini kabla hajadakwa. Tena ndoano ikishikizwa kwenye mrunda uliofungwa kwa kamba ya katani, kinga hiyo ni ya macho tu. Aliyening'inia naye lazima ateremshwe haraka, kwa maana mikanda ya mapajani huzuia damu kurudi moyoni. Mimi ningegharamia kizuizi kwanza, na mkanda nimwachie anayefunga au kufungua jukwaa lenyewe.