Uchujaji wa Wagombea Kenya: Tathmini ya Huduma Anayopewa Mpigakura
Ikipimwa kama huduma kwa mpigakura, kazi ya kuwachuja wagombea kimaadili nchini Kenya inavutia kwenye karatasi: ipo Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, inayohusu uongozi na uadilifu, ipo Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012, na ipo fomu ambayo mgombea mwenyewe huijaza kueleza mwenendo wake (nani atajishtaki kwa hiari?). Kasoro kubwa imo katika Kifungu cha 99 cha Katiba, kinachomruhusu hata aliyehukumiwa kugombea ubunge hadi nafasi zote za rufaa zimalizike, na rufaa zetu huchukua miaka.

Mwaka 2013 Mahakama Kuu, ikisema haina mamlaka juu ya suala hilo, ilikataa kuwazuia Uhuru Kenyatta na William Ruto kugombea urais na unaibu wa rais, ingawa walikuwa wakikabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) huko The Hague. Wakashinda uchaguzi, na baadaye kesi zote mbili zikaporomoka kabla ya hukumu. Wafuasi wengi waliziona shutuma hizo kama shambulio dhidi ya jamii zao, na hapo ndipo uvumilivu wa umma kwa wagombea wenye tuhuma unapopata nguvu.

Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi huweza kuwasilisha majina yenye dosari kwa tume ya uchaguzi, lakini kauli ya mwisho si yake. Naipa huduma hii nyota mbili kati ya tano.