TAHADHARI: Anayejitangaza kurejesha mafaili yaliyofungwa na kirusi

Ndugu zangu wenye steshenari, studio za picha, ofisi ndogo za uhasibu na yeyote ambaye riziki yake imo ndani ya kompyuta, kuna mtu hapa Dar es Salaam anayejitambulisha kuwa mtaalamu wa kurejesha mafaili yaliyofungwa na kirusi, anayejitangaza katika makundi ya WhatsApp na Facebook, na ambaye amekwisha kuchukua fedha za watu kadhaa ninaowafahamu kwa utaratibu ule ule. Jina na namba yake sitaviandika, kwa kuwa shauri limefikishwa polisi, na pia kwa kuwa laini za simu na majina anayotumia hubadilika kila mara. Kisichobadilika ni namna anavyofanya kazi, na hiyo ndiyo ninayotaka muielewe vizuri.

Wengi waliomwendea walikuwa wamepatwa na kirusi cha jamii ya STOP, ambacho wengine hukiita Djvu. Kirusi hiki huenea zaidi kupitia programu za kulipia ambazo zimevunjwa kinga ili zitumike bure. Mtu hupakua programu ya kuhariri picha au ya kuhalalisha Windows, huifungua, kisha huona dirisha linalodai kwamba Windows inajisasisha. Dirisha hilo linapotoweka, kila picha, barua na jedwali la hesabu huwa limeongezewa herufi ngeni mwishoni mwa jina na halifunguki tena. Ndani ya folda huachwa faili la maandishi liitwalo _readme.txt, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likidai dola 980 za Marekani, au dola 490 kwa atakayewasiliana na wahalifu ndani ya saa 72. Katika maandishi hayo hayo wahalifu huahidi jambo ambalo ndilo limempa tapeli wetu mtaji: mwathirika anaweza kuwatumia faili moja lisilo na taarifa za thamani, nao watalifungua bure ili aamini kwamba ufunguo wanao.

Sasa mtazameni yeye. Mteja anapomtafuta, jambo la kwanza analoomba ni faili moja dogo, na anasisitiza lisiwe lenye taarifa muhimu, pamoja na lile faili la _readme.txt, akisema anataka kupima aina ya kirusi. Baada ya muda humrudishia mteja faili lake likiwa limefunguka kabisa. Mwenye studio mmoja alionyeshwa picha ya bibi harusi aliyompiga mwenyewe, ikiwa safi kama alivyoihifadhi, na kuanzia hapo hakutaka kusikia ushauri wa mtu mwingine. Simlaumu, kwa sababu ushahidi ule ulikuwa wa kweli. Uongo ulikuwa katika nani aliyeifungua picha. Fundi yule alikuwa ameituma kwa wahalifu wenyewe, akijifanya ndiye mwathirika, wakamfungulia bure kama wanavyoahidi, naye akaileta kwa mteja kama kazi ya mikono yake.

Baada ya hapo hutakiwa kianzio, kinachotumwa kwa simu kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Wapo ambao hakuwapokelea simu tena. Wapo walioambiwa kwamba kazi imekuwa ngumu kuliko ilivyotarajiwa na wakaongezewa bei mara kwa mara, hadi ikapita kiasi wanachodai wahalifu, ambacho hata kwa bei ya punguzo kinazidi shilingi milioni moja. Yeye anachotafuta hapo ni kuwalipa wahalifu na kubaki na kilichozidi, bila mteja kujua kwamba fedha yake imewafikia walewale waliomfungia. Huyo mwenye studio alipatwa na baya zaidi. Aliambiwa apeleke kompyuta yenyewe, na ilipochelewa kurejeshwa alikuta imepigwa Windows upya, diski yake ikiwa tupu, huku akielezwa kwamba mafaili yalikuwa yameharibika tangu mwanzo. Mafaili yaliyofungwa yana matumaini madogo, lakini yaliyofutwa na kuandikwa juu yake hayana tumaini lolote.

Ujanja huu haukubuniwa Kariakoo. Mwezi Desemba 2018 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Check Point ilieleza jinsi kampuni moja ya Urusi ilivyojinadi kwamba inafungua mafaili, kumbe ilikuwa ikiwalipa wahalifu na kumtoza mteja zaidi. Mwezi Mei 2019 chombo cha habari za uchunguzi cha ProPublica kiliandika habari inayofanana na hiyo kuhusu kampuni mbili za Marekani zilizowaahidi wateja teknolojia yao wenyewe. Nayataja haya kwa sababu mtu wetu hupenda kujilinganisha na "wataalamu wa nje", na kwa bahati mbaya katika hilo hasemi uongo.

Njia rahisi ya kumpima yeyote anayedai uwezo huu ni kumpa faili la pili, ulilolichagua wewe mwenyewe, na kumtaka alifungue mbele yako kwa kompyuta yake. Mwenye programu inayofanya kazi hatashindwa kulifungua la pili wala la kumi. Mwenye kutegemea hisani ya wahalifu atakwambia kwamba mtambo wake uko ng'ambo, au kwamba jaribio ni moja kwa kila mteja. Vilevile muulize kirusi kinaitwaje na kama namba ya utambulisho iliyo ndani ya _readme.txt inaishia kwa t1. Asiyejua maana ya swali hilo hajawahi kushughulika na STOP.

Maana yake ni hii. Kirusi kinapoweza kuwasiliana na seva, yaani kompyuta kuu ya wahalifu iliyoko mtandaoni, kila kompyuta hupewa ufunguo wake peke yake, na ufunguo wa kufungulia hubaki kwao. Hakuna fundi wa Dar, Nairobi wala London atakayeukokotoa kwa ufundi wake. Kinaposhindwa kuwasiliana na seva, hutumia ufunguo uliowekwa ndani yake tangu mwanzo, unaofanana kwa waathirika wote wa toleo hilo, na hapo ndipo namba ya utambulisho huishia kwa t1. Kampuni ya Emsisoft ilitoa mwezi Oktoba 2019 programu ya bure inayoweza kufungua mafaili ya kundi hilo ikiwa ufunguo wa toleo husika umekwisha kupatikana, pamoja na mafaili mengi ya matoleo ya kabla ya mwishoni mwa Agosti 2019. Kwa kirusi cha aina nyingine, ukurasa wa kuanzia ni nomoreransom.org, ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na kampuni za usalama wa kompyuta, ambako unapakia faili lililofungwa pamoja na ujumbe wa wahalifu na kuambiwa kama dawa ipo. Yote hayo ni bure. Fundi mwaminifu anaweza kukutoza gharama ya muda wake wa kukufanyia, na hilo ni haki yake, lakini hawezi kukuuzia programu yenyewe kama siri ya ukoo.

Kuna jambo jingine ambalo tapeli hakuambii, pengine kwa kuwa halijui: STOP hufunga takriban kilobaiti 150 za mwanzo tu za kila faili. Picha ya kawaida au barua huharibika vya kutosha kwa kiasi hicho, lakini video ndefu, sauti na mafaili makubwa ya zip mara nyingi huweza kuokolewa kwa sehemu kubwa kwa programu za kukarabati. Wenye studio za video walitazame hili kabla ya kukata tamaa.

Programu hizo zichukueni kwenye kurasa za wenyewe tu. Mwezi Juni 2020 ilisambazwa programu iliyodai kufungua mafaili ya STOP, kumbe ilikuwa kirusi kingine kilichopewa jina la Zorab, kilichoyafunga mara ya pili mafaili yaliyokwisha kufungwa. Ikiwa kurasa za kampuni za usalama hazifunguki kwenye kompyuta iliyoathirika, msishangae, kwani STOP huzizuia makusudi. Tumieni simu au kompyuta nyingine.

Kama umepatwa, usikubali mtu yeyote akupigie Windows kabla mafaili yaliyofungwa, pamoja na _readme.txt, hayajanakiliwa kwenye diski ya nje, kwa kuwa ufunguo unaweza kupatikana baadaye. Usimruhusu mgeni kuingia kwenye kompyuta yako kupitia AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, kwa kisingizio cha uchunguzi. Badilisha pia nywila za barua pepe na huduma za benki ukitumia kifaa kingine, kwa sababu STOP mara nyingi huja pamoja na programu inayoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari.

Waliokwisha kumtumia fedha wasifute mazungumzo wala ujumbe wa muamala. Namba aliyotumia itumwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kisha mhusika afike kituo cha polisi akiwa na ushahidi huo apewe RB, yaani namba ya taarifa yake polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaugusa udanganyifu unaofanywa kwa kompyuta. Ambao kompyuta zao bado ziko mikononi mwake wazifuate sasa, wakiwa wameongozana na mtu mwingine, na wahakikishe diski waliyorudishiwa ni ile ile waliyompelekea.