Tupa ipi ununue kwanza? Mwongozo kwa mafundi na wakulima wa Kigoma

Ukiingia duka la vifaa pale Mwanga ukaomba tupa, kile chuma chenye meno cha kusugulia chuma na kunolea, utaulizwa swali moja: ya inchi ngapi? Ukishajibu, unaletewa iliyo karibu, unalipa, unaondoka. Hapo ndipo pesa za mafundi wengi zinapopotelea, kwa sababu urefu ni jambo la tatu. La kwanza ni ugumu wa chuma cha tupa yenyewe, la pili ni aina ya meno. Urefu na umbo hufuata kazi inayokulisha.

Nimezipanga hapa kwa namna ambavyo ningemshauri mtu mwenye pesa ya tupa moja leo, nyingine baada ya miezi kadhaa. Bei siziandiki, maana zinabadilika kila mzigo mpya unaposhuka. Pita maduka mawili matatu, Mwanga na Ujiji, ndipo utoe pesa.

Ikague kabla ya kulipa

Tupa halisi ni chuma chenye kaboni nyingi, asilimia moja na ushee, kilichopashwa moto kisha kikazimwa, yaani kupozwa ghafla, hadi kikawa kigumu kuliko karibu kila kitu utakachokibana kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani. Ugumu huo ndio unaoununua. Tupa ya hovyo inaweza kufanana nayo kwa rangi, kwa mistari ya meno, hata kwa jina lililogongwa karibu na mkia, ile ncha nyembamba inayoingia kwenye mpini. Tofauti inaonekana ukianza kazi: pasi chache za mwanzo inakula vizuri, halafu inaanza kuteleza.

Majina yapo yanayoheshimika duniani. Nicholson ya Marekani ilianza mwaka 1864, na Bahco nayo inajulikana. Lakini jina huigwa, kwa hiyo usilipe kwa ajili ya jina kabla hujapima chuma.

Namna ya kupima ni rahisi. Omba chupa tupu ya soda. Shika tupa, chukua pembe ya ncha yake, ikwaruze juu ya kioo mara moja kwa mkono mwepesi. Chuma kilichokomaa kitaacha mchirizi ambao ukipitisha ukucha unaukwaa. Chuma laini kitateleza na kuacha alama ya kijivu inayofutika kwa kidole. Muuzaji anayejua mali yake hatakukatalia. Akikwambia, "Fundi, hii orijino, huna haja ya kujaribu," mshukuru, nenda duka la pili.

Kisha ielekeze kwenye mwanga wa mlango na uitazame kwa mshazari. Meno mapya hayang'ai kwenye ncha. Ukiona vidoa vyeupe vinavyometa, tupa hiyo imeshatumika au imekaa ikisuguana na wenzake ndani ya boksi. Kutu hapa kwetu iangalie kwa makini zaidi. Unyevu wa ziwa na masika marefu huziharibu tupa zikiwa bado dukani, na jino lililoliwa na kutu halirudi. Mwisho, ishike mkiani, iache ining'inie, igonge taratibu kwa ufunguo. Ikilia kwa sauti safi ni nzima, ikitoa mlio mfu ina ufa.

Uso wa tupa ukiwa umevimba kidogo katikati usiikatae. Nyingi hutengenezwa hivyo makusudi ili fundi aweze kula sehemu anayoitaka bila kugusa kingo. Inayokataliwa ni ile iliyopinda kama upinde upande mmoja, maana hiyo iliharibika wakati wa kuzimwa.

Meno

Tupa zenye mistari inayoelekea upande mmoja hukata taratibu na kuacha uso laini. Ndizo za kunolea panga, jembe na shoka. Zenye mistari inayopishana hukata haraka, na ndizo za kazi ya chuma kwa jumla. Halafu kuna ukubwa wa meno, ambao mara nyingi huchapwa karibu na mkia: BASTARD ni meno makubwa, SECOND ni ya kati, SMOOTH ni laini.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni kwamba maneno hayo yanabadilika na urefu. BASTARD ya inchi 12 ina meno makubwa kuliko BASTARD ya inchi 6. Kwa hiyo ukiagiza mtu akuletee tupa kutoka Mwanza au Dar es Salaam, mtajie vyote viwili, la sivyo ataleta kitu kingine kabisa.

1. Bapa ya inchi 10, meno ya kati yanayopishana

Hii ndiyo ya kwanza kwa fundi yeyote wa chuma, na sina wasiwasi nayo. Zamani ningesema chukua meno makubwa, lakini siku hizi grainda ndiyo inayoondoa chuma kingi na tupa imebaki na kazi ya kukamilisha. Kama huna grainda, au umeme wa mtaa wako haueleweki, basi chukua BASTARD.

Tafuta yenye ukingo mmoja usio na meno. Ukingo huo mtupu ni mali. Unaegemea ukuta wa kona bila kuukata huku uso wa tupa ukila chini yake.

Ubora wake utauona kwenye kazi kama ya kii ya puli ya mashine ya kusaga, yaani kipande cha chuma kinachokaa kwenye mfereji wa shafti (mhimili unaozunguka) ili puli (gurudumu la mkanda) izunguke nayo. Mashine inaanza kugonga, unafungua, unakuta kii imelika na puli inacheza kwenye shafti. Wengi hukata kipande cha chuma, wakakipunguza kwa grainda kwa macho, wakakigongea ndani. Kii ya namna hiyo inashika kwenye nundu mbili tatu tu. Baada ya muda mfupi mashine inagonga tena, na sasa ule mfereji wa shafti nao umeshapanuka, na shafti ni ghali kuliko kii mara nyingi.

Fanya hivi. Kata kii ikiwa nene kidogo kuliko inavyotakiwa. Ibane kwenye jiliwa, ipige tupa kwa mshazari kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, ili mistari ipishane. Mahali ambapo mistari ya pili haijafuta ya kwanza ndipo penye bonde. Ikikaribia kuingia, paka masizi ya chungu yaliyochanganywa na tone la mafuta ndani ya mfereji wa shafti, ingiza kii kwa mkono, itoe. Palipochafuka ndipo panapogusa, na hapo peke yake ndipo unapopunguza. Rudia hadi masizi yashike upande mzima. Vunja kingo zake nne kwa pasi moja nyepesi kila upande ili isikwame kwenye kona za mfereji. Kii iliyoingia kwa kusukumwa na kugongwa kidogo kwa nyundo, ikiwa imegusa kotekote, haisumbui.

2. Nusu duara, inchi 8 au 10

Upande mmoja bapa, upande wa pili umevimba. Ni tupa mbili kwa bei ya moja, ndiyo maana naiweka hapa. Kwa anayechomelea mageti na fremu za madirisha, mgongo wake unaingia ndani ya bomba na kwenye matundu yaliyokatwa kwa gesi. Kwa wanaotunza injini za boti, ndiyo inayosawazisha propela iliyomeguka kidogo kwa kugonga mwamba, kwa sababu propela haina sehemu iliyonyooka. Propela ikiwa ya aluminiamu, chenga zake hunasa kwenye meno, hivyo paka tupa chaki ya shule kwanza.

3. Pembetatu, inchi 5 hadi 7

Kwa seremala hii ndiyo namba moja na zilizotangulia azisahau kwanza. Wanaotengeneza mitumbwi na boti kule Kibirizi wanaishi kwa msumeno wa mkono, na msumeno unaishi kwa tupa hii.

Usinunue kwa inchi, nenda dukani na msumeno wako. Weka tupa kwenye bonde kati ya meno mawili. Upana wa uso mmoja wa tupa uwe umezidi kidogo mara mbili ya kina cha jino. Ukiwa hivyo, kila uso unatumika nusu ya chini, ukigeuza unapata nusu nyingine mpya, na kwa pembe zote tatu unapata matumizi kamili ya pesa yako. Tupa kubwa mno inaacha bonde butu chini na unga wa mbao hauna pa kukaa. Ndogo mno inachakaa katikati ya uso mapema, na ukiigeuza unakuta palipochakaa ndipo unapopahitaji.

Angalia pia pembe zenyewe kwa ukaribu. Kwenye tupa mbaya, meno hayafiki hadi kwenye pembe, na ni pembe inayochimba shina la jino la msumeno.

4. Bapa ya meno ya mstari mmoja, inchi 8

Ya mkulima. Ukiwa na shamba Kasulu au Buhigwe na panga tatu nyumbani, hii inakutosha peke yake. Noa ukisukuma kutoka mgongo kwenda kwenye makali, mkono ukiwa na kitambaa kizito. Kabla ya kuanza, gusa panga kwa pembe ya tupa: ikiteleza bila kukwaruza, chuma hicho ni kigumu mno, kinahitaji jiwe la kunolea, na ukilazimisha utaua tupa kwa dakika moja.

5. Duara

Nunua ukiwa na kazi nayo. Kwa msumeno wa mnyororo kipenyo lazima kilingane na mnyororo, na vinavyotumika zaidi ni milimita 4.0, 4.8 na 5.5. Soma kitabu cha mashine au alama iliyo kwenye mnyororo wenyewe, usikisie.

6. Mraba, laini ya inchi 8, na seti za tupa ndogo

Laini ni nyongeza nzuri kwa anayetengeneza vipuri. Mraba ni ya matundu ya pembe nne, basi. Seti za tupa ndogo za kazi ya saa na vito ni za wenye kazi hizo. Seti kubwa za bei rahisi zenye tupa za kila umbo ndani ya mfuko wa plastiki naziweka mwisho kabisa, na kwa fundi anayeanza nasema asizinunue. Bei ya seti moja ya namna hiyo mara nyingi inatosha tupa moja nzuri, na moja nzuri inafanya kazi zaidi ya zote zile kwa pamoja.

Mpini si wa hiari

Tupa nyingi huuzwa bila mpini na mafundi wengi huzitumia hivyo hivyo. Tafadhali usifanye hivyo. Mkia ni mkali, na tupa ikikwama ghafla unaingia kiganjani. Chonga mpini wa mpera, ni mti mgumu usiopasuka ovyo. Toboa tundu jembamba kuliko mkia, vika mdomoni pete iliyokatwa kutoka bomba la shaba au la chuma ili mpini usipasuke, chomeka mkia, kisha gonga kitako cha mpini chini mara kadhaa. Uzito wa tupa utaiingiza. Usiigonge tupa kwa nyundo, inaweza kuvunjika na vipande vyake vinaruka machoni.

Kuipiga

Kazi iwe usawa wa kiwiko. Mguu wa kushoto mbele, mkono wa kulia kwenye mpini, wa kushoto kwenye ncha. Tupa hukata ikienda mbele tu. Kwa hiyo kandamiza ukisukuma, legeza au inyanyue ukirudi, maana kuiburuta nyuma juu ya chuma ndiko kunakonyoa meno yake. Tumia urefu wote. Mapigo hamsini au sitini kwa dakika yanatosha. Anayeenda mbio anasugua tu.

Tupa mpya ianze na shaba au chuma laini kwa siku za mwanzo, ili meno yapoteze vincha vyake dhaifu taratibu badala ya kukatika. Isiguse magamba ya welding hata siku moja. Yale yabandue kwa nyundo na patasi, au tumia tupa iliyokwisha choka. Na usipapase kazi kwa kidole kila baada ya pasi mbili. Jasho la mkono linatosha kuifanya tupa iteleze.

Kuitunza

Ukiona mchirizi mrefu kwenye kazi ambao haukuwepo, kuna chenga imenasa kwenye meno. Acha hapo hapo. Piga brashi ya waya kufuata mistari ya meno, na chenga sugu isukume kwa kipande cha shaba kilichopondwa ncha. Chaki husaidia zisinase tena.

Mafuta ya mawese au ya injini usiyapake eti kuzuia kutu, tupa itateleza na kukusanya uchafu. Ipake unga wa chaki, izungushie gazeti kavu, ining'inize ukutani mbali na dirisha linaloelekea ziwani. Kila moja ikae peke yake, kwa sababu tupa mbili zikigongana kwenye boksi zinatoana meno zenyewe kwa zenyewe.

Ikichoka kabisa usiitupe. Mpelekee mhunzi. Akiipasha na kuiacha ipoe polepole hadi ilainike, akaipa umbo kisha akaikomaza upya kwa moto, chuma chake kinatoa patasi au kisu cha kuaminika, na wengine hukubali kukukatia bei ya kazi wakibakiziwa kipande kinachosalia.